Kusudi Linatafutwa Wapi?

Mpwa wangu ni fundi simu. Ana kimeza chake karibu na kituo cha daladala: kabati dogo la kioo la makava na protekta, kifaa cha moto cha kubandulia vioo, na mwavuli wa matangazo uliopauka kwa jua. Januari iliyopita alilipa shilingi 20,000 kuingia semina ya siku nzima. Jioni akanipitia nyumbani na daftari jipya mkononi na uso wa mtu aliyetoka msibani.

"Mjomba, tumeambiwa mtu asiyejua kusudi la maisha yake anaishi bure. Nimewaza njia nzima. Sasa hilo kusudi linatafutwa wapi?"

Nilicheka, ndiyo tabia yangu mbaya. Lakini usiku swali lake lilinikatia usingizi, kwa sababu niligundua sikuwa na jibu la kumpa kijana mwenye akili zake timamu. Neno hili limeenea kila mahali. Liko kwenye mahubiri ya Jumapili na hotuba za Ijumaa, liko kwenye status za watu usiku wa mwaka mpya, kwenye usaili wa kazi, hata kwenye ukuta wa saluni ya mtaani kwetu. Waulize wanaolisema maana yake, huyu atakwambia ni kazi uliyozaliwa nayo, yule atakwambia ni ndoto, wa tatu atakutajia pesa kwa jina la heshima. Basi haya ndiyo majibu niliyompa mpwa wangu kwa vipande, wiki kadhaa, nikiwa nimekaa kwenye stuli ya wateja wake.

Tuanze na neno lenyewe, maana lina mambo. Katika Kiswahili cha kila siku, kusudi linaishi zaidi kwenye ugomvi. Mtoto amemwaga uji, anajitetea: sikukusudia. Abiria amekanyagwa ndani ya mwendokasi, anafoka: umenikanyaga makusudi! Jirani kafungulia muziki saa sita usiku: huyo anafanya makusudi, anatujua tuna mgonjwa. Jaribu sasa kukumbuka mara ya mwisho uliyomsikia mtu akisema hivi: "Yule dada kanisubiri kwenye mvua makusudi!" Hatusemi. Ubaya tunaupa mwenyewe, wema tunauachia bahati. Mtu akitusaidia tunasema tumebahatika kukutana na mwema, kana kwamba wema ulimtoka tu kama chafya.

Mzizi wa neno ni wa Kiarabu na una maana ya kuelekea mahali, kuishika njia ya kitu. (Kasida nazo zimetoka tumbo moja na kusudi, wanaosoma mizizi ya maneno watanielewa.) Kwa hiyo tangu asili yake kusudi ni namna ya kwenda. Wazo la kwamba ni kitu kilichofukiwa mahali, ambacho mwenye bahati hukifukua na asiye nayo hufa bila kukiona, limeongezwa baadaye, na nadhani ndilo lililomtuma mpwa wangu arudi na uso ule.

Kuna maneno manne yanayochanganywa nalo. Ndoto ni kile unachotamani kiwe. Haikudai chochote, unaweza kulala nayo miaka 30. Lengo ni kitu unachoweza kukiwekea alama ya vema: kupata leseni ya udereva, kununua kiwanja, kumaliza kidato cha sita. Likitimia, limekwisha. Wito wengi wetu tumeupata kanisani, ambako una maana yake mahsusi, upadri na utawa na ndoa, na anayeitwa yuko na anayeita yuko. Kusudi ni lile linalojibu "kwa ajili ya nini" nyuma ya malengo yako, na halina siku ya kuwekewa alama ya vema. Huwezi kumaliza kuwa baba mwema Alhamisi saa nane mchana.

Neno la nne ni maana, tunaposema maisha yenye maana. Hilo ni pana zaidi. Wanasaikolojia wanaolichunguza, akina Frank Martela wa Finland na Michael Steger wa Marekani, wamependekeza tuligawe mara tatu, na mgawanyo wao unakaa vizuri katika lugha yetu: maisha yanaeleweka, maisha yanaelekea, maisha yana uzito. Yanaeleweka, yaani ukiyatazama huoni fujo tupu, unaona jambo limezaa jambo. Yanaelekea, yaani kuna upande unaoukabili. Hapo ndipo penye kusudi. Yana uzito, yaani kuwapo kwako kuna anayekuhesabu. Mtu anaweza kuwa na moja akakosa mengine. Nimewajua wazee waliostaafu ambao maisha yao yanaeleweka vizuri mno, wanaweza kukusimulia mwaka kwa mwaka, na hawana pa kuelekea kesho asubuhi.

Tofauti ya lengo na kusudi ndiyo inayowasumbua watu zaidi, kwa hiyo nilimpa mpwa wangu mfano wa basi. Asubuhi kwenye stendi ya Mbezi abiria wawili wanapanda basi moja la Moshi. Wa kwanza anakwenda kwa sababu amepata tiketi ya bei nafuu na hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro. Wa pili anakwenda kwa sababu mama yake amelazwa. Lengo lao ni moja, kufika Moshi. Basi linakatika injini Mombo. Wa kwanza atanunua mahindi ya kuchoma, atalalamika kidogo, na ikibidi atageuza. Wa pili tayari yuko barabarani anapunga mkono malori. Sasa simu inalia: mama amehamishiwa hospitali ya Muhimbili, Dar, kwa gari la wagonjwa, ameshapita Korogwe. Mtu huyu atavuka barabara na kuanza kupunga mkono malori yanayorudi Dar. Lengo limegeuka nyuma mbele. Kusudi halijasogea hata unywele.

Hili liliwahi kuonekana mbele ya dunia nzima. Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki kwa niaba ya Tanzania. Jiji hilo liko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na misuli ilimkaza. Kisha akaanguka katika msongamano wa wakimbiaji, goti likatenguka, bega likaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3 na dakika 25, giza limeshaingia, watazamaji wengi wameshaondoka, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile kwenda kuanza mbio, ilimtuma kumaliza.

Watu hulisimulia tukio hili kama hadithi ya uvumilivu. Mimi naona pia somo la sarufi. Lengo, medali, lilikufa pale alipoanguka. Wengine 18 ambao hawakumaliza huenda waliumia pungufu yake, na hakuna wa kuwalaumu, mwili ni mwili. Lakini yeye alikuwa na sababu ambayo goti lililotenguka halikuweza kuifikia.

Sasa tuingie ndani zaidi, kwenye nia. Hapa pwani neno hili lina shule yake. Mtoto aliyepita chuoni kwa mwalimu wa madhehebu ya Shafii amekaririshwa kwamba nia ni kukusudia kitu sambamba na kukitenda. Tazama jinsi wanachuoni walivyokuwa wakali: kukusudia peke yake hakutoshi kuitwa nia. Ukikusudia leo tendo utakalolifanya baadaye, hiyo wanaiita azma. Mwenye kusimama kusali anatia nia pale pale anapofungua sala kwa takbira. Funga ndiyo imepewa ruhusa yake, kwamba nia ya Ramadhani hutiwa usiku, kwa kuwa ni taabu mtu kuivizia alfajiri. Na hata hapo, inatiwa kwa ajili ya siku maalumu, kwa tendo maalumu. Hakuna anayetia nia ya "kuwa mtu wa dini zaidi mwaka huu".

Nilipomweleza haya, mpwa wangu alifungua daftari lake la semina. Lilikuwa limejaa azma. Nitakuwa mtu wa maono. Nitagusa maisha ya vijana. Nitatoka kwenye eneo la mazoea. Hapakuwa na sentensi moja yenye siku, saa, mahali au jina la mtu.

Mtu atasema: lakini nia iko moyoni, nani anaiona? Swali zuri, na wenye kulijibu kila siku ni mahakimu. Sheria yetu inatofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kosa la kwanza adhabu yake ni kifo, la pili linaweza kufika kifungo cha maisha. Maiti ni ileile, tofauti ni kusudi. Na mahakama haina mashine ya kupasua kifua. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshaeleza inavyolitambua kusudi: inatazama silaha iliyotumika, nguvu ya pigo, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, maneno aliyotamka mshitakiwa, mwenendo wake kabla na baada. Kwa maneno mengine, kusudi linasomwa kwenye matendo.

Tugeuze kesi upande wa pili. Chukulia umeshitakiwa kwa kosa la kuwapenda watoto wako makusudi. Upande wa mashitaka unaleta vielelezo: taarifa ya miamala yako ya simu ya miezi mitatu, orodha ya watu uliowapigia, saa ulizorudi nyumbani, mashahidi wawili majirani. Utatiwa hatiani, au utaachiwa huru kwa kukosekana ushahidi? Mimi nilijaribu kwa upande wa afya yangu, ambayo huwa nasema naijali sana. Kesi ilifutwa asubuhi ya kwanza.

Zoezi hili linauma, lakini lina faida moja ambayo maswali ya semina hayana. Linakuonyesha kusudi ulilonalo tayari. Ukiulizwa "kusudi lako nini?" utatunga. Ukitazama vielelezo unaweza kukuta kwamba miaka sita mfululizo hujawahi kukosa kumtumia bibi pesa ya dawa, hata mwezi ule ulipokosa kodi. Hakuna aliyekushangilia, hukuliandika popote, na limekuwa likikuendesha muda wote.

Sasa yale yanayosemwa sana na hayako sawa.

La kwanza ni kwamba kusudi huja kama ufunuo, ukikaa kimya vya kutosha. Wangari Maathai hakukaa kimya. Alikuwa mhadhiri wa anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi, ana shahada ya uzamivu tangu 1971, na alikuwa akienda vijijini kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti. Kupe! Huko akaona mito imegeuka rangi ya udongo na ng'ombe wamekonda. Baadaye, akiwa katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, akawasikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao: kuni, maji safi, chakula. Akaunganisha. Jaribio lake la kwanza, kampuni ndogo ya miche, lilikwama na miche ikafa. Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni 1977, ilipandwa miti saba Nairobi, na harakati yake ya kupanda miti, Green Belt Movement, ikaanzia hapo. Tuzo ya Nobeli ya Amani ilikuja 2004, wakati miti imeshapita milioni 30. Ukimsikiliza msimulizi wa semina, mwanzo wa hadithi hiyo ungekuwa maono makubwa. Mwanzo halisi ni kupe, sikio, na miche iliyokufa.

La pili, na hili limewaumiza wengi, ni kwamba kusudi lazima liwe ndiyo kazi yako ya mshahara. "Usifanye kazi usiyoipenda." Maneno matamu kwa mwenye mtaji. Shaaban Robert, ambaye hadi leo tunamwita baba wa fasihi ya Kiswahili, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944. Kisha idara ya wanyamapori, kisha ofisi za serikali Tanga, hadi ofisi ya upimaji ardhi. Karani wa mkoloni, maisha yake yote ya kazi. Alipofariki 1962 alikuwa ameacha vitabu zaidi ya 20. Forodha ilimlisha, haikuwa kusudi lake, wala hakuhitaji kuichukia ili aandike. Nadhani tungemwita leo kwenye semina angeambiwa ajiuzulu kesho.

Upo upande wa pili wa jambo hilohilo: kazi ambayo nje inaonekana ya kawaida kabisa, na ndani mwenyewe ameipa uelekeo. Watafiti wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliwahi kuwachunguza wafanya usafi wa hospitali. Waliofanya kazi ileile, kwa mshahara uleule, walijieleza kwa namna mbili. Wengine walisema wanadeki. Wengine walijiona sehemu ya watu wanaomponya mgonjwa, wakawa wanaongea naye, wanapanga kazi yao kwa kufuata usingizi wake. Yeyote aliyewahi kuuguza wodini anawajua wote wawili, na anajua yupi alimwita mgonjwa "mama" na kumuuliza kama amekula.

La tatu: ukiwa na kusudi utakuwa na furaha. Hapana, au tuseme, si lazima na si kila siku. Roy Baumeister na wenzake mwaka 2013 walichapisha uchunguzi wao kwa Wamarekani karibu 400, na wakaona kwamba maana na furaha hutembea pamoja sehemu ya njia kisha huachana. Wasiwasi na mzigo wa mawazo viliambatana na furaha ndogo lakini maana kubwa. Kupokea kulikaa upande wa furaha, kutoa upande wa maana. Kina mama wa watoto wachanga hawahitaji utafiti kulijua hilo. Saa tisa usiku, mtoto analia tumbo, hakuna furaha chumbani humo, ila muulize mama kama anaona anapoteza muda.

Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, alilifikisha jambo hili mbali zaidi kwa sababu yeye hakuchagua. Alipelekwa kwenye kambi za Wanazi mwaka 1942 na kukombolewa 1945. Wazazi wake, kaka yake na mke wake walikufa humo. Aliyoyashika baada ya hapo ni kwamba tunauliza swali kinyume. Mtu anakaa kuuliza maisha yana maana gani kwake, kumbe maisha ndiyo yanayomuuliza yeye, kila saa, na jibu lake ni tendo: kazi anayoifanya, mtu anayempenda, au namna anavyobeba lile asiloweza kuliepuka. Huyo hakuwa mtu wa furaha ya bei rahisi.

Nisimame kidogo hapa, maana maneno ya Frankl yanaibwa sana. Yako maneno yanayozunguka kwamba maskini ni maskini kwa sababu hana maono, kwamba kijana asiye na ajira amekosa kusudi. Huo ni uonevu uliovaa suti. Kijana aliyesambaza vyeti vyake ofisi 40 ana uelekeo kuliko mimi ninayeandika haya kivulini. Anachokosa ni ajira, na ajira ina sababu zake nyingi ambazo haziko kifuani mwake. Vilevile, mtu ambaye wiki kadhaa sasa halali, hali, na hakuna kinachomgusa hata alichokuwa akikipenda, huenda ana sonona. Huo ni ugonjwa na una matibabu. Mpelekeni hospitali, msimpeleke semina.

Na majaliwa je? Wapo wanaosema mambo ya kusudi ni ya Wazungu, sisi tunasema Mungu akipenda. Lakini waliotufundisha kusema hivyo ndio hao hao waliotusimulia habari ya bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Mkulima anajua hivyo bila kuambiwa. Anaomba mvua na jembe limeshanolewa.

Limebaki swali la kiufundi, na ndilo nililoliweka mwisho kwa sababu ni gumu zaidi. Chukua mtu ambaye kusudi analijua. Anajua anataka kuwa karibu na watoto wake, anajua anataka kusoma, na kila Jumatatu inamkuta palepale. Ana shida gani? Tumezoea kudhani amekosa hamasa, ndiyo maana hamasa inauzwa kwa tiketi. Mwaka 2002 watafiti watatu nchini Uingereza walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Jambo lilikuwa dogo: kufanya mazoezi dakika 20 angalau mara moja kwa wiki. Kundi moja halikupewa lolote la maana. Kundi la pili lilisomeshwa maandiko ya kuhamasisha, jinsi mazoezi yanavyokinga moyo na ugonjwa. Kundi la tatu lilisomeshwa maandiko hayohayo, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya.

Kundi lisilopewa kitu, waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38. Kundi la hamasa, 35. Kundi la siku, saa na mahali, 91.

Soma tena namba ya katikati. Waliohamasishwa hawakuwazidi ambao hawakuambiwa kitu. Na walisema kweli kwamba sasa wanataka zaidi, nyoyo ziliwaka; miguu ndiyo haikupata taarifa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyeanzisha aina hii ya utafiti, anaeleza kwamba sentensi ya "ikifika saa fulani, mahali fulani, nitafanya hili" inahamisha kazi ya kukumbusha kutoka kichwani mwako kwenda kwenye saa na mahali penyewe. Huhitaji tena kujishauri. Ukikiona kiti, unakaa.

Anayepika maharage ameshalielewa jambo hili. Maharage ya mchana hayapikwi mchana, yanaanzia kwenye bakuli la maji jana usiku. Asubuhi huna haja ya hamasa ya kupika maharage. Yamevimba, yanakungoja, ukiyaacha yatachacha. Kuyaloweka ndiyo nia yake. Na utaona inafanana sana na nia ya funga, inayotiwa usiku kwa ajili ya siku moja inayojulikana.

Ziko tahadhari mbili. Sentensi hizi zinafaa kwa jambo ambalo kweli unalitaka. Ukiliandikia saa jambo ulilolazimishwa na mkwe wako, saa itafika na utapata dharura. Ya pili, usiandike 12. Moja inatosha kwa muda mrefu.

Nilipomaliza, mpwa wangu aliniuliza sasa yeye aandike nini. Nikamwambia aniletee vielelezo. Alifikiri, akasema kitu pekee alichowahi kukifanya bila kulipwa wala kuombwa ni kumfundisha mtoto wa muuza maji jirani yake jinsi ya kubadilisha mfumo wa chaji. Alipenda ule mkono wa mtoto ulivyoacha kutetemeka. Kwenye daftari alikuwa ameandika "kugusa maisha ya vijana" kwa herufi kubwa na mistari miwili chini. Akageuza ukurasa, akaandika upya: Jumamosi, baada ya alasiri, hapa mezani, anayetaka kujifunza aje, wasizidi watatu. Akamwambia mtoto wa muuza maji awaambie wenzake.

Wiki ya kwanza walikuja wanne, akamrudisha mmoja. Wiki ya pili hakuja mtu, kulikuwa na mechi ya Simba na Yanga. Wiki ya tatu ilinyesha, nikadhani jambo limekwisha. Saa kumi na moja ukaingia ujumbe wake:

"Mjomba leo kaja mmoja tu, tena wa kike. Kaja na simu ya bibi yake, kioo kimekufa. Nimemwambia afungue mwenyewe skrubu."